Kuondoa Bila Kubomoa

GRUB ni programu ndogo inayoipokea seva inapowashwa. Huitafuta kerneli ya Linux kwenye diski, huipandisha kwenye kumbukumbu, kisha hujitoa. Kazi imekwisha kwa sekunde chache, na haitahitajika tena hadi mashine izimwe na kuwashwa upya. Ndiyo maana kosa la kuifuta huchelewa kujulikana: seva iliyopoteza faili zake za kuwashia inaweza kuendelea kutoa huduma kwa miezi mingi, nzima kabisa machoni pa watu, ikingoja siku itakayozimwa.

Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, umejengewa tahadhari ya jambo hili. Kanuni zake zinatenganisha kuondoa na kufagia. Amri ya remove huitoa programu lakini huiacha mipangilio iliyoandikwa na msimamizi. Ndipo katika orodha ya dpkg, chombo cha Debian cha kusimamia vifurushi, kifurushi huonyeshwa kwa herufi rc, yaani kimetoka lakini mipangilio yake ipo. Amri ya purge ndiyo inayofagia. Hata hapo, kifurushi cha GRUB husita na kuuliza kama faili za /boot/grub nazo zifutwe, kikionya kwamba mashine haitawaka isipokuwa iwe na programu nyingine ya kuwashia. Jibu lililotangulizwa ni hapana. Huu ni ufundi wa hali ya juu: mtu ameandika swali moja la kumlinda mwenzake asiyemjua, kwa usiku ambao huenda ukaja miaka mingi baadaye.

Swali hilo, hata hivyo, haliokoi kila kitu. Faili la grub.cfg hutengenezwa na mashine, na update-grub hulitengeneza upya. Faili la /etc/default/grub huandikwa kwa mkono, nalo huweza kuondoka na purge. Ndani yake huweza kuwamo maneno kama console=ttyS0,115200, yanayoiwezesha seva isiyo na skrini kusema kupitia waya. Katika chumba cha seva ndani ya mnara wa West Bay, Doha, mstari huo ndio macho ya fundi aliyeko Nairobi au Mombasa, ambako saa ni ileile ya Qatar.

Fundi hodari huanza na apt-get -s purge, asome orodha ya vitakavyoondoka kabla kitu hakijaguswa. Hunakili /etc/default/grub nje ya mashine. Akishafagia, huiwasha seva upya kwa makusudi usiku wa Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ofisi za Doha zimepumzika na muda wa kutengeneza upo. Ikikataa kuwaka, huiamsha kwa flashi, huingia kwenye mfumo wake kwa chroot, huendesha grub-install, hurudisha ile nakala mahali pake, ndipo huita update-grub.