Kioo, Shabu na Maji ya Ziwa

Picha za miji yetu zilizopigwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zina utulivu wa ajabu. Barabara imenyooka, nyumba zimejipanga, watu hamna. Unaweza kudhani wenyeji wamekimbia, kumbe walikuwa wanapita zao. Mpiga picha alibana tundu la lenzi ili mtaa mzima utoke vizuri, kuanzia baraza la karibu hadi kilima cha nyuma, na tundu likibanwa, kioo chenye dawa kilichotumika badala ya filamu hutaka muda zaidi wa kunywa mwanga: nusu sekunde, pengine sekunde nzima. Aliyetulia alibaki. Mwenye haraka akawa ukungu, au akafutika kabisa. Basi vita vyenyewe havikamatiki. Kinachokamatika ni ukuta, paa, na askari waliopangwa mstari.

Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam, alifanya kazi hiyo, na mwaka 1932 akatoa kitabu cha picha za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Alitazama kwa jicho la mtawala, hilo lieleweke. Na vioo ni vizito. Picha ya bara ilikuwa na mpagazi wake, ambaye jina lake halikuandikwa.

Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, palikuwa pagumu zaidi kwa mpiga picha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 bila kuigusa Mwanza. Tawi la kutoka Tabora lilikuja mwaka 1928. Kabla ya vita mizigo ilipita kwa Waingereza, treni kutoka Mombasa hadi Kisumu, kisha meli. Agosti 1914 njia hiyo ikafungwa, na mwaka uliofuata manowari za Waingereza zikaziba pwani. Mwenye sanduku la vioo alijua la pili haliji, na kila kioo ni picha moja.

Kisha kusafisha. Dawa ya fedha hushikwa kwenye kioo na utando mwembamba wa jelatini, na jelatini haipendi joto: maji yakiwa vuguvugu hulegea, ikakunjamana pembeni, na mnara wa boma ukapinda kama mshumaa. Kwa hiyo kazi hufanywa usiku, maji yakishapoa, kwa taa nyekundu, maana kioo cha kawaida cha enzi hizo hakioni wekundu. Huoshwa, hutiwa kwenye maji ya shabu, ile ile ya vinyozi, ili utando ukaze, kisha huoshwa tena na tena. Chembe moja ya mchanga wa ziwani ikitua hapo, imetua milele.

Upofu huo wa rangi nyekundu, pamoja na wepesi wa kioo kunasa bluu, ulimpa fundi kazi nyingine. Udongo mwekundu na bati lenye kutu vilitoka vyeusi, anga na ziwa vikatoka vyeupe kama karatasi. Jua la utosini liliunguza kuta za chokaa. Aliyejua kazi alingoja saa kumi na moja jioni.

Waingereza waliingia Mwanza Julai 14, 1916. Anayetaka leo kujua kamera ya kabla ya siku hiyo ilisimama wapi asihangaike na nyumba, maana nyingi zimebadilika. Atazame mawe makubwa ya mji. Apange ukingo wa jiwe la karibu na ncha ya jiwe la mbali kama vilivyo pichani. Vikipishana, asogee kushoto au kulia hadi vilingane, kisha ashushe kamera hadi usawa wa kifua.