Rehema ya Venisi: Uchunguzi wa Wahusika na Dhamira katika Mabepari wa Venisi

Utangulizi

Miongoni mwa tamthilia za Kiingereza zilizokwisha kupata makao katika lugha yetu, hakuna inayomgusa mhubiri kwa karibu kama Mabepari wa Venisi. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kutoka kwa William Shakespeare, nayo ikachapishwa na Oxford University Press mwaka 1969. Mwaka huohuo ilitoka tafsiri yake iliyosahihishwa ya Juliasi Kaizari, ambayo ilikuwa imechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Samuel Mushi naye alikuwa ametupatia Makbeth mwaka 1968, akafuatisha Tufani mwaka 1969. Kwa hiyo kizazi cha wasomaji wa Tanzania kilimpokea Shakespeare katika Kiswahili, wala hakikumwona kuwa mgeni.

Katika makala hii hatukusudii kupima ufundi wa tafsiri hiyo. Tunakusudia kuuliza swali moja tu: je, rehema inayotangazwa katika mahakama ya Venisi ndiyo Injili tunayoihubiri sisi? Wahubiri wengi, nasi tukiwamo, wamejibu kuwa ndiyo. Twaona sasa kwamba tulikosea, na kosa lenyewe si dogo.

Hivi karibuni vijana wa usharika mmoja hapa Iyunga waliigiza onyesho la hukumu, nasi tulikuwa tumeandaa mahubiri mafupi ya kufunga. Shylock angekuwa Sheria, Portia angekuwa Neema. Onyesho lilipokwisha, kijana aliyeigiza Shylock alibaki amesimama, hajui atokee upande gani. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa amefuatilia kwa makini sana, akatuuliza: “Baba Mchungaji, huyu mzee atafundishwa ubatizo na nani? Na wasimamizi wake ni akina nani?” Watu walicheka. Sisi hatukuwa na jibu, na mahubiri yetu hatukuyatoa.

Mkataba na watu wake

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Bassanio anahitaji fedha aende kumposa Portia, binti tajiri wa Belmont. Rafiki yake Antonio hana fedha mkononi kwa kuwa mali yake yote iko baharini. Hivyo Antonio anakopa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu kutoka kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji. Shylock hataki riba. Anataka ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio iwapo deni halitalipwa.

Ni rahisi kumwona Shylock kuwa katili tangu mwanzo, na Antonio kuwa mwema. Lakini mwandishi hakuturahisishia kazi hivyo. Ni kweli kwamba Antonio hukopesha bila riba, na katika hilo yuko karibu na Torati kuliko wengi wetu (Kut. 22:25, Law. 25:35-37). Hata hivyo, mtu huyuhuyu amemtemea Shylock mate na kumwita mbwa. Alipokumbushwa hayo hakutubu. Alijibu kwamba huenda atamtemea tena, na kwamba Shylock amkopeshe kama anayemkopesha adui, ili akishindwa kulipa adhabu idaiwe bila haya. Basi masharti ya uadui yalitajwa kwanza na Mkristo. Shylock aliyaandika tu.

Shylock naye si sanamu ya ubahili peke yake. Anaposikia kwamba binti yake Jessica, aliyetoroka na Lorenzo pamoja na mali, ametoa pete kwa kubadilishana na tumbili, uchungu wake si wa thamani ya pete. Pete hiyo alipewa na Leah kabla hawajaoana. Linganisha na Bassanio na Gratiano, ambao walizitoa pete za wake zao siku chache tu baada ya kuapa kuwa hawataachana nazo. Katika tamthilia nzima, mtu anayeshika ahadi kwa ajili ya upendo ni yule anayeitwa asiye na moyo. Kadhalika, kisasi anachokitaka anasema amejifunza kwa mfano wa Wakristo. Hoja hiyo haimhesabii haki, lakini inatushitaki sisi.

Jina la tafsiri

Shakespeare alitaja katika jina la tamthilia mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu aliweka wingi, tena akachagua neno bepari, ambalo asili yake ni mfanyabiashara lakini ambalo, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilikuwa na uzito wa siasa. Twaona kwamba uchaguzi huo ulikuwa na faida kubwa. Wingi ule unawaweka Antonio, Bassanio na Lorenzo katika kizimba kimoja na Shylock. Kwa kweli, Portia mwenyewe anapoingia mahakamani katika mavazi ya mwanasheria anauliza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi. Aidha, Shylock anawakumbusha waheshimiwa wa Venisi kwamba wao wana watumwa waliowanunua, na wakiambiwa wawaachilie watajibu kuwa ni mali yao. Hakuna anayemjibu. Mji mzima unaishi kwa daftari la madeni. Shylock amekosa tu adabu ya kulificha.

Lakini jina hilo lina upungufu pia. Laweza kumfanya msomaji adhani kwamba ubaya wote umo katika tabaka fulani la watu, na kwamba asiye na mtaji amesalimika. Tena lafunika jambo ambalo tamthilia haifichi: Shylock hachukiwi kwa sababu ya riba peke yake, bali kwa sababu ni Myahudi. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290, na katika Venisi yenyewe walitengewa mtaa wao wa kufungiwa tangu mwaka 1516. Dhambi hiyo haiondolewi kwa kuugawa utajiri upya.

Neema iliyogeuka kuwa sharti

Tufike sasa kwenye hukumu. Portia anamsihi Shylock awe na rehema, na maneno yake ni mazuri. Hatuna sababu ya kuyadharau. Shylock anakataa, anang’ang’ania mkataba. Portia anampa mkataba wake kamili: achukue nyama, lakini asimwage hata tone la damu. Kisha inafunuliwa sheria nyingine, kwamba mgeni aliyekusudia kumuua raia atanyang’anywa mali yote, na uhai wake utakuwa mikononi mwa Mtawala.

Hapo ndipo mwalimu wa Kilutheri anapopaswa kusoma polepole. Mtawala anamsamehe Shylock uhai wake kabla hajaomba. Hii ni neema itanguliayo ombi, na kwa kitambo kidogo Venisi inafanana na Injili. Kisha Antonio anaulizwa atamtendea rehema gani. Anataja mambo matatu mfululizo: nusu ya mali aishike yeye kwa ajili ya Lorenzo, Shylock awe Mkristo mara moja, na papo hapo mahakamani aandike kwamba akifa, mali yake yote itarithiwa na Lorenzo na Jessica. Angalia ubatizo ulipowekwa: katikati ya vipengele viwili vya mali. Na Mtawala anaongeza kwamba Shylock asipokubali, msamaha aliokwisha kutoa unafutwa.

Neema iliyotolewa bila kuombwa imegeuka kuwa sheria kabla onyesho halijakwisha. Shylock anasema ameridhika, anasema hajisikii vizuri, anaomba ruhusa aende. Hatumwoni tena. Na lile swali la mama yetu wa Iyunga kuhusu wasimamizi lina jibu ndani ya tamthilia yenyewe. Gratiano anamdhihaki Shylock kwamba katika ubatizo atakuwa na wasimamizi wawili, na kwamba kama yeye angekuwa hakimu angemwongezea kumi, yaani watimie kumi na wawili wa baraza la kumpeleka kwenye kitanzi. Hao ndio wasimamizi wake.

Kwa hiyo mfano wa mtumwa asiyesamehe (Mt. 18:23-35), ambao tumezoea kumvika Shylock, unamfaa zaidi Antonio. Yeye ndiye aliyefunguliwa kutoka kwenye deni lisilolipika, kisha, kifua chake kikiwa bado wazi kwa ajili ya kisu, akamshika mwenzake koo.

Pingamizi

Yupo atakayesema kwamba tunamhukumu Shakespeare kwa mawazo ya siku zetu. Kwa watazamaji wake, atasema, kumbatiza Myahudi kulikuwa kumwokoa, hivyo Antonio alitoa zawadi kubwa kuliko zote. Pingamizi hili ni la haki, na yawezekana kabisa kwamba wengi walioketi katika jumba la michezo la London waliona hivyo. Lakini sisi tunaosoma kama Walutheri tuna kipimo kilichotangulia tamthilia hii. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, linatenganisha mamlaka ya upanga na mamlaka ya Kanisa, na linasema kwamba maaskofu hutenda kazi yao kwa Neno, pasipo nguvu za kibinadamu. Mahakama inayobatiza imechanganya tawala mbili, nayo imeharibu zote mbili.

Wala tusijisifu kwa kipimo hicho, kwa maana hata aliyetufundisha alianguka. Mwaka 1523 Luther aliandika kwamba Wayahudi watendewe kwa upole. Mwaka 1543 aliandika dhidi yao maneno makali ya kutisha. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani liliyakana maneno hayo hadharani. Mtu aweza kuijua neema vizuri kuliko wote na bado akaikataza kwa jirani yake.

Jambo hili na sisi

Katika masoko ya Mwanjelwa na Uyole, na katika ofisi za walimu, watu wanaujua mkopo unaoitwa “kausha damu”. Mkopaji huacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, na mshahara ukiingia mwenye kadi ndiye anayetangulia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wakopeshaji wawe na leseni, lakini mwenye shida hana nafasi ya kuuliza leseni. Shylock alizuiwa kwa sababu ya damu. Hawa hawagusi nyama, wanachukua damu peke yake. Na baadhi yao wamebatizwa, wanaimba kwaya, wanatoa sadaka ya shukrani. Tukihubiri habari za Shylock kana kwamba ni mtu wa dini nyingine, tunawapa mahali pa kujificha. Luther, katika mwaka wa 1540, aliwaandikia wachungaji wahubiri dhidi ya riba. Barua hiyo ilitumwa kwetu, haikutumwa kwa sinagogi.

Lakini tusiishie kwa wakopeshaji. Wapo wachungaji waliokataa kumbatiza mtoto kwa sababu mzazi hajamaliza ahadi yake, au waliochelewesha ibada ya mazishi mpaka stakabadhi zionekane. Sisi wenyewe tumewahi kuketi katika kikao kilichoamua hivyo, tukanyamaza. Siku hiyo sakramenti iliwekwa katikati ya vipengele viwili vya fedha, kama ilivyowekwa Venisi.

Hitimisho

Tunashauri, basi, kwamba Mabepari wa Venisi iendelee kusomwa na kuigizwa katika sharika na vyuo vyetu, lakini mhubiri aache kumfanya Portia kuwa Injili. Ayatumie maneno yake kama Sheria iliyo njema, ituonyeshayo tunachodaiwa. Injili katika tamthilia hii ni ile sentensi moja ya Mtawala, iliyotamkwa kabla ya kuombwa na kufutwa muda mfupi baadaye. Kazi yetu ni kuitamka bila kuifuta.

Vijana wa Iyunga wameomba kuigiza tena. Safari hii wamekubaliana kwamba Shylock akiisha kuomba ruhusa ya kwenda, ashuke jukwaani na kupita katikati ya watu polepole mpaka mlangoni, na kwamba sisi wachungaji tuketi karibu na mlango huo.