Majina ya Kwetu, Maswali ya Wengine

Vifaa viwili vilivyoipa Makerere sifa nje ya Uganda vilibuniwa na vikundi vya vijana wake, na vyote viwili vina majina ya kwetu. Kimoja kinaitwa Matibabu, kingine WinSenga. Wanaovisifu huzungumzia uhandisi na tuzo. Mimi nasoma lugha, kwa hiyo nitaanza na majina. Katika miradi inayokutanisha wanafunzi wa fani mbalimbali, kampuni na jamii, jina ndipo lugha ya watu inapopewa nafasi, na aghalabu nafasi hiyo huishia hapo hapo.

Tuanze na Matibabu. Brian Gitta na wenzake walikianzisha baada ya vipimo kadhaa vya damu kushindwa kuonyesha malaria aliyokuwa akiugua. Kifaa hubanwa kwenye kidole, humulika mwanga mwekundu, na matokeo huonekana kwenye simu bila mtu kuchomwa sindano. Mwaka 2018 kazi hiyo ilishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Ni kazi ya kujivunia. Lakini kifaa hiki hakitibu, kinapima. Kwa msemaji wa Kiswahili, kipimo na matibabu ni hatua mbili, na mgonjwa anaweza kupata ya kwanza akakosa ya pili. Mzazi wa Tanga au wa Goma akiambiwa mwanawe ameshafanyiwa Matibabu, ana haki ya kuuliza kwa nini bado anatumwa kutafuta dawa. Jina zuri limeahidi zaidi ya kile ambacho kifaa kinaweza kutoa.

WinSenga ni ya mwaka 2012. Wanafunzi wa kompyuta walichukua kile chombo cha mkunga kinachofanana na tarumbeta, ambacho huwekwa tumboni kusikiliza moyo wa mtoto, wakakiunganisha na simu. Sehemu ya kwanza ya jina imetoka kwenye Windows, programu ya Microsoft, kampuni iliyoandaa shindano la Imagine Cup waliloshiriki. Sehemu ya pili ni ssenga, shangazi ambaye katika desturi ya Waganda humfunda msichana mambo ya ndoa na uzazi. Jina hili ni mkataba wa ubia uliofupishwa: nusu ya kampuni, nusu ya jamii. Hata hivyo ssenga anathaminiwa kwa sababu anazungumza, tena kwa maneno ambayo binti anayaelewa. Anayeazima cheo chake ameazima na wajibu wake. Swali la mhakiki ni hili: mashine ikishasikia mapigo ya moyo, mama anaambiwa nini, na kwa lugha gani?

Uzito wa swali hilo niliuona Wandegeya, hatua chache kutoka lango la chuo. Nilikuwa katika kikundi cha wanafunzi wa uhandisi, biashara na sayansi za jamii, tukishirikiana na kampuni moja iliyotaka kujua taka za soko zinaweza kutumiwaje. Hojaji iliandikwa kwa Kiingereza na kupitishwa na wabia wote kabla mimi sijaitwa. Niliitwa ili nitafsiri, nikapewa siku mbili. Swali kuu liliuliza kila muuzaji anatupa taka kiasi gani kwa siku.

Kwa Kiingereza cha hojaji ile, maganda ya matoke ni taka. Sokoni sivyo. Kuna kasasiro, yaani takataka za kutupwa, na kuna ebikuta, yaani maganda, ambayo wafugaji huyachukua kuwalisha ng'ombe. Mama mmoja tuliyemhoji alijibu kwamba yeye hatupi karibu chochote, na alisema kweli. Msimamizi wa data alimwona kama mtu anayeficha jambo, akakadiria mwenyewe uzito wa maganda na kuuingiza kwenye jedwali la taka. Nilipinga, nikaambiwa kwamba muda umekwisha na kwamba kazi yangu ilikuwa tafsiri. Kwa hiyo mali ya mtu iliandikwa kuwa uchafu usio na mwenyewe. Kampuni ikijenga mpango juu ya jedwali lile, atakayepoteza kwanza ni mfugaji anayetegemea chakula hicho, na baada yake muuzaji mwenyewe.

Wenzangu wa uhandisi hunijibu kwamba muhula ni mfupi, na kwamba Kiingereza ndiyo lugha pekee ambayo kikundi kizima kinaimudu. Yote mawili ni kweli. Naongeza la tatu: Wandegeya kwanza husema Kiluganda, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi haukubadilisha hilo. Kwa hiyo siwadai waweke Kiswahili kila mahali. Ninachodai ni kwamba maswali yatungwe pamoja na watu wanaojua vitu vinaitwaje pale vilipo.

Kwamba jambo hili linawezekana, AirQo inatuonyesha. Mradi huo wa Makerere wa kupima ubora wa hewa, ulioanza mwaka 2015, uliunda vipimo vinavyostahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, vingine vikafungwa kwenye bodaboda. Mtaa uliruhusiwa kuamua umbo la kifaa. Lugha ya mtaa nayo ni sehemu ya mazingira kama vumbi, na anayeipuuza hupata vipimo vibovu vilevile.

Pendekezo langu kwa wahadhiri wanaosimamia miradi hii ni dogo. Mwanafunzi wa lugha aingie kikundini wiki ya kwanza, kabla hojaji haijaandikwa. Matokeo yasomwe sokoni kwa lugha ya soko kabla ya kuwasilishwa kwa kampuni, na wahojiwa wawe na haki ya kuyakataa. Alama za mradi zizingatie kikao hicho. Mama yule angepata nafasi ya kusema, mbele ya wote, kwamba maganda yake si taka, na jedwali lingerekebishwa siku hiyo hiyo.