Kuipima Tarakimu ya Vifo vya Saratani

Kuhesabu wafu ni ufundi, na kama ufundi wowote una mabingwa wake na wababaishaji wake. Basi mtu atakaye kuijua tarakimu njema ya vifo vya saratani hana budi kuichungua asili yake kabla hajaustaajabia ukubwa wake, aulize ni nani aliyeliandika jina la maradhi, kwa ushahidi gani, na ni marehemu wangapi ambao hawakupata kuandikwa kabisa.

Tuitazame Mashimoni, kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, mtaa wa Nairobi. Mgonjwa akifia hospitali, sababu ya mauti huandikwa katika fomu ya D1 na mtu aliyeisomea kazi hiyo. Bali akifia chumbani mwake, habari hupelekwa kwa naibu wa chifu, naye huijaza D2 kwa maelezo ya jamaa, ambao kwa majonzi, kwa haya, na aghalabu kwa kuwa hakuna daktari aliyepata kuwaambia jina la ugonjwa, husema kwamba marehemu aliteswa na vidonda vya tumbo, au kwamba koo lilimziba hata akashindwa kumeza maji. Mjuzi akiisikia habari hiyo ya koo, mara moja huidhania saratani ya umio, ambayo ni katika saratani ziuazo Wakenya wengi. Lakini dhana yake haimo katika fomu, kibali cha mazishi kimekwisha kutolewa, na maiti i njiani kwenda kuzikwa kwao, Siaya au Busia. Wala fomu ya hospitali haina kinga ya dosari, kwa maana ile iliyoandikwa kwamba moyo na pumzi vilisita haikumfunulia msomaji neno lolote: hakuna afaye ila hivyo husita.

Kwa kuwa usajili wa vifo nchini kwa miaka mingi umeelea karibu na nusu ya vifo vyote, tarakimu zinazotangazwa sana si za kuhesabu bali ni za kukadiria, na mashuhuri miongoni mwazo ni zile za Globocan, zitolewazo Lyon, Ufaransa, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani. Toleo la 2018 liliikadiria Kenya vifo 32,987. La 2020 likasema 27,092. La 2022 likasema 29,317. Asiye na uzoefu atashangilia kwamba maelfu waliponea miaka miwili ile, kisha ahuzunike tena. Ilhali kilichobadilika ni data na njia ya kukadiria, na shirika lenyewe limewahadharisha wasomaji wasiyalinganishe matoleo yake namna hiyo. Mimi nalipenda onyo hilo kuliko tarakimu zenyewe, kwa kuwa mkadiriaji anayeeleza mipaka ya kazi yake anastahili kuaminiwa.

Hadhari iliyo kubwa zaidi, hasa kwa mitaa kama Kibera na Kawangware, ni ya kigawanyo. Kwa muda mrefu ilisimuliwa ulimwenguni kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, hata sensa ya 2009 ilipowahesabu 170,070. Chukua idadi moja ya vifo, uigawe kwa hesabu hizo mbili kwa zamu, na kiwango kitatofautiana karibu mara sita, bila ya mtu mmoja kufa wala kupona. Kiwango kisichotaja kigawanyo chake nakirudisha kwa mwenyewe bila kukisoma zaidi.

Vivyo hivyo umaarufu wa marehemu si takwimu. Julai 2019 walitutoka kwa saratani Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, Joyce Laboso, gavana wa Bomet, na Ken Okoth, mbunge wa Kibra, jimbo lenye Kibera, na watu wakaamini kwamba maradhi yamezuka upya. Okoth alitenda jema kubwa kuutangaza ugonjwa wake angali hai, kwa maana palipo na haya fomu haziwezi kusema kweli. Lakini misiba ya mwezi mmoja haionyeshi mwelekeo wa miaka.

Kazi bora ni ya madaftari ya saratani, lile la Eldoret lililoanzishwa 1999, na lile la Nairobi la 2001 chini ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambapo makarani huyafuata mafaili wodi hata wodi na maabara hata maabara, wakihakikisha kwamba mgonjwa mmoja hahesabiwi mara mbili. Humo tafuta sehemu mbili: ni wagonjwa wangapi ambao saratani yao ilithibitishwa kwa darubini, na ni wangapi waliojulikana kwa cheti cha kifo peke yake. Hii ya pili ikiwa kubwa, kazi ni dhaifu. Ya kwanza ikikaribia mia kwa mia usiifurahie upesi, kwa sababu daftari la namna hiyo yamkini limekusanywa maabara tu, na yule wa Mashimoni aliyekosa nauli na ada ya kukatwa kinyama cha kupimwa hayumo.