Nyumba Iliyoandika Majina

Nairobi, watu wakitaka kukutana katikati ya jiji huambiana "tukutane Archives". Niliipata kauli hiyo kwa simu kabla sijashuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam, nikadhani rafiki yangu ananipeleka kusoma nyaraka. Kumbe alimaanisha nje, pale mlangoni, Moi Avenue, ambako saa yoyote ya mchana utakuta watu wamesimama na simu mkononi, wengine wakinyoosha shingo kumtafuta mtu katika umati unaomwagika kutoka kwenye matatu. Nilisimama hapo dakika 40. Mwenyeji wangu ni wale wa kusema "nimefika" huku bado wanafunga viatu. Jua lilipozidi nikalipa kiingilio, nikaingia ndani.

Jengo la Nyaraka za Taifa za Kenya lilikuwa benki zamani, na ukiingia bado unasikia ubaridi wa nyumba iliyojengwa kulinda fedha. Kinacholindwa sasa ghorofa ya chini ni sanaa: vinyago, nguo, vito, silaha, vyungu, viti vya kukalia wakubwa, kutoka pande nyingi za Afrika. Vingi ni vya mtu mmoja, Joseph Murumbi. Juu kuna vitabu vyake, zaidi ya 8,000. Nje ya ukuta huo mamia ya watu wanangojana, na nina hakika wengi wao hawajawahi kuvuka kizingiti. Siwalaumu. Mimi nasomea shahada ya uzamili ya fasihi, nimekulia Dar es Salaam, na Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert nimeingia mara mbili tu, mojawapo nikiwa darasa la tano kwenye mstari wa watoto walioshikana mikono.

Rafiki yangu alipofika nilimwambia ratiba imebadilika. Kesho hatuendi kuona twiga. Kesho tunamfuata Murumbi.

Tulianzia Nairobi Gallery. Ni jengo la mawe la mwaka 1913, dogo, limekaa chini ya Nyayo House kama mzee aliyeketi miguuni pa mlinzi. Ujirani huo una maana yake. Nyayo House ndiyo ile ambayo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesea watu katika utawala wa Moi. Na kijengo chenyewe kilikuwa ofisi ya mkuu wa jimbo wakati wa ukoloni, na umbali wa miji ya Kenya kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia hapo. Ila habari iliyonishika ni nyingine. Hapa ndipo watu walipokuja kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mtu alizaliwa, akaandikwa hapa. Akaoa, akaandikwa hapa. Akafa, jamaa zake wakapanda ngazi zilezile kumfuta. Ilikuwa nyumba ya kuandika majina.

Leo ndani yake kuna hazina ya Murumbi na African Heritage, duka na jumba la sanaa alilolianzisha pamoja na Mmarekani Alan Donovan mwanzoni mwa miaka ya 1970. Niseme mapema kwamba ni mahali pazuri. Vyumba ni vidogo, huchoki, na vitu vimekaa karibu nawe kiasi kwamba unauona mshono wa nguo na alama ya tezo kwenye mti. Majumba makubwa ya makumbusho humfanya mtu atembee kama yuko uwanja wa ndege. Hapa unatembea kama uko nyumbani kwa mtu mwenye pesa na macho mazuri.

Na huyo mtu unamjua kwa jina, sura na historia, maana ni mtu wa kushangaza kweli. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba mfanyabiashara Mgoa, mama Mmasai. Shuleni, kule India, alikuwa Joseph Zuzarte. Jina la Murumbi, la upande wa mama, alilichukua mwenyewe ukubwani. Viongozi wa KAU walipokamatwa mwaka 1952, alishika nafasi ya katibu mkuu, kisha akaishia uhamishoni Uingereza. Aliporudi akawa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 makamu wa rais. Hakumaliza mwaka, alijiuzulu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, lakini Februari 1965 rafiki yake Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi langoni kwake, na ni vigumu kuyasoma mambo hayo mawili kila moja kwa ukurasa wake. Baada ya siasa, Murumbi akabaki na vitu. Alikusanya kama mtu anayeokoa nyumba inayoungua.

Kwa hiyo tunaye mtu aliyejichagulia jina, na nyumba iliyoandika majina, na katikati yao mamia ya vitu ambavyo waliovitengeneza hatuwajui.

Hili si kosa la jumba hili, wala la Murumbi peke yake. Ni mazoea ya dunia nzima ya makumbusho, na hapa yamerithiwa tu. Mchoro wa Ulaya huandikwa jina la mtu, mwaka, halafu mji. Kinyago cha kwetu huandikwa kabila, mti, labda na karne. Mmakonde, mpingo. Msenufo, mbao. Kana kwamba kabila zima liliamka alfajiri, likashika patasi moja kwa mikono yote, likachonga.

Rafiki yangu, anayesomea sheria na hapendi hoja ipite bila kupingwa, aliniambia nisilete umagharibi. "Zamani msanii hakuwa na haja ya jina," alisema. "Kazi ilikuwa ya jamii." Nimeisikia hoja hiyo darasani pia, kwa lugha nzito zaidi, na kila mara husemwa kama sifa. Mimi naona imekaa kichwa chini. Kijijini jina halikuandikwa kwa sababu kila mtu alilijua. Ukitaka kinu kisichopasuka ulikwenda kwa fulani, ukitaka kinyago cha jando kitakachowatoa watoto jasho ulikwenda kwa fulani mwingine, na ungekosea ungechekwa. Jina halikuwa halipo. Lilidondoka njiani, kati ya mlango wa mchongaji na gari la mnunuzi, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ushahidi upo. Mwaka 1924, katika maonyesho ya dola ya Kiingereza kule Wembley, watu walipanga foleni kuutazama mlango wa kuchongwa uliotoka kwenye kasri la Ogoga wa Ikere, nchini Nigeria. Makumbusho ya London yakautaka. Mfalme akakubali kubadilishana, akapewa kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza. Mchongaji hakutajwa. Alikuwa Olowe wa Ise, na alikuwa hai, akiendelea na kazi zake. Alifariki mwaka 1938. Miaka 50 baadaye mtafiti alimkuta mmoja wa wajane wake, naye akamghania majigambo ya sifa za mumewe, jina na kazi zake zote mle mle ndani. Jina lilikuwa limetunzwa muda wote huo na mwanamke mzee aliyelijua kwa moyo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuuliza.

Nigeria hiyohiyo imeweka picha ya Ladi Kwali, mfinyanzi wa vyungu, nyuma ya noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alipita kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja alikokuwa Ladi Kwali, na leo chungu cha Odundo hutajwa kwa jina lake kwanza. Wote wawili wametengeneza kile ambacho bila jina kingeitwa "chungu, Afrika".

Nadhani nimefika mahali pa kusema kwa nini jambo hili linaniuma.

Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mchongaji. Alitoka uwanda wa Makonde akiwa kijana, akaja Dar es Salaam kama walivyokuja wengi, akakaa chini ya mwembe na wenzake, akachonga mpingo mpaka macho yalipokataa. Walikuwa wakichonga ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandana mabegani, na mashetani, yale yenye jicho moja na tumbo lililotobolewa. Babu alipenda kusimulia jinsi mashetani yalivyoanza: Samaki Likankoa alivunja mkono wa sanamu kwa bahati mbaya, badala ya kuitupa akaendelea kuiharibu kwa makusudi, na mwenye duka akaipenda. Sijui ni kweli kiasi gani, lakini simulizi hiyo imeandikwa pia na wasomi, na angalau ndani yake kuna jina la mtu.

Babu alikuwa na tabia ya kuandika jina lake chini ya kila kazi, kwa ncha ya kisu, herufi kubwa zilizopinda. Siku moja mnunuzi wake wa siku zote akamwambia apapige msasa pale chini. Wateja, alisema, wanapenda kitu kisicho na jina, kinaonekana cha zamani. Babu akapiga msasa. Alikuwa na watoto saba. Tangu hapo kazi zake ziliondoka zimenyamaza, na yule mnunuzi alizipaka rangi ya viatu ziwake, kisha zikapanda ndege. Sisi nyumbani hatuna hata moja. Mahali fulani duniani, juu ya kabati la mtu au ndani ya sanduku la kioo, babu yangu anaitwa Makonde.

Ndiyo maana pale Nairobi Gallery nilikuwa nikiinama ovyo. Kila sanamu nilijaribu kuichungulia kwa chini, mpaka mlinzi akanisogelea kwa upole akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Mchana tukaenda City Park. Ukiwa na siku moja tu Nairobi na unapenda sanamu, nakushauri uanzie huku, ingawa hakuna atakayekuambia hivyo kwenye orodha za watalii. Murumbi alitaka kuzikwa karibu na Pinto, na akazikwa hapo mwaka 1990. Mkewe Sheila yuko kando yake. Pembeni ya makaburi yao kuna bustani ya kumbukumbu yenye sanamu kubwa za wachongaji wa Afrika Mashariki aliowajua na kuwanunulia kazi zao. Hapa hakuna swali la nani alichonga. Yupo Francis Nnaggenda wa Uganda, yuleyule ambaye sanamu yake ya majeruhi wa vita iko Makerere. Yupo Elkana Ong'esa wa Kisii, na ndege wake wa amani anayechomoza kutoka kwenye jiwe.

Sanamu hizi unazizunguka. Hilo ni jambo dogo kulisema, lakini ndiyo tofauti yote. Kazi ya Ong'esa ukiisimamia upande mmoja ni jiwe zito lililochoka. Piga hatua nne kushoto, bawa linatokea, na jiwe halina uzito tena. Ukiizunguka nyuma kabisa unaona mahali alipoamua kuacha jiwe lilivyo, na uamuzi huo ni wake, Elkana Ong'esa, si wa Wakisii wote. Mtoto mmoja alikuwa amepanda juu ya msingi wa sanamu akila mahindi ya kuchoma, na mvua ya miaka imeacha madoa. Mhifadhi angelia. Mimi niliona ni mara ya kwanza siku hiyo kuona sanamu na watu wakiwa mahali pamoja bila kuogopana. (Kima, hata hivyo, hawana adabu. Mmoja alinipokonya andazi na kwenda kulila juu ya mti huku akinitazama.)

Murumbi alitaka nyumba yake ya Muthaiga, aliyoiuzia serikali pamoja na mkusanyiko wake, iwe kituo cha utafiti wa mambo ya Afrika. Haikuwa. Vitu vikasambaa vilivyosambaa, na ndiyo sababu leo kumwona inabidi ukate jiji zima kwa miguu na matatu. Rafiki yangu aliona ni aibu. Sikubishana naye, ila nilikuwa nikifikiria zile orodha: mkusanyaji wa namna yake lazima alikuwa na risiti, barua, madaftari, majina ya waliomuuzia. Kazi ya mwanafunzi wa uzamili inaweza kuwa hiyo tu, kukaa ghorofani Archives miezi sita na kurudisha jina moja. Hata moja. Mwalimu wangu atauliza nadharia iko wapi, nitajua la kumjibu nikifika.

Jioni nilimpigia simu mjomba, mtoto wa mwisho wa babu, anayekaa Newala. Baada ya salamu ndefu za shamba na korosho nilimuuliza kama kuna chochote kilichobaki cha mzee, chochote kilichochongwa.

"Vinyago hakuna, mama," alisema. "Vilikwenda vyote. Ipo stuli yake tu, ile aliyokuwa anakalia. Mguu mmoja umelegea. Nimewaambia vijana wikiendi hii waipige msasa na vanishi, imechakaa."

Nikamuuliza chini yake kukoje.

"Chini kuna mikwaruzo mikwaruzo tu."

Nikamwomba asiiguse mpaka nifike.