Betri ya Bakteria: Tunamsifu Nani, na Nani Anakula Elektroni?

Kila wakati wa memwari unapofika, hakosi mdogo wetu mmoja anayechimba matope, anatia ndani vipande viwili vya kaboni vyenye waya, anapima na multimeta, anaona volti 0.4, kisha anaandika: "Bakteria Geobacter wametoa umeme." Waalimu wanafurahi, picha inazunguka kwenye simu zetu. Leo nataka kukosoa. Simkosoi huyo mdogo, nakosoa hadithi tuliyomfundisha. Hadithi yetu ina shujaa mmoja tu, mashindano hayamo. Na bila mashindano, hii betri haieleweki hata kidogo.

Turudi kwenye msingi. Bakteria akila, anabaki na elektroni ambazo lazima azitue mahali. Sisi watu tunazitua kwa oksijeni tunayovuta. Chini ya matope hewa haifiki, basi wengine wanazitua kwa madini ya chuma, na baadhi yao wanaweza kuzitua hata kwenye kaboni tuliyoweka. Zikipita kwenye waya mpaka upande wa pili, zikikutana na oksijeni, ndiyo umeme wenyewe. Si jambo la jana: M. C. Potter alilionyesha kule Uingereza, mwaka 1911.

Sasa sikieni. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Ndani ya ndoo ya matope kuna fahali mia! Chakula cha Geobacter ni asetati, na molekuli moja ya asetati ina elektroni 8. Lakini asetati hiyo inatafutwa na wengi. Oksijeni ikivuja ndani, wanaopumua hewa wanakula kwanza. Kukiwa na naitrati au salfati, kuna wenyewe pia. Halafu kuna watengeneza metani, ambao hata si bakteria, ni akea. Wao wanaikata asetati kuwa metani na kaboni dioksidi, na zile elektroni zinaondoka na gesi. Waya haipati kitu.

Tunaokaa karibu na Ziwa Kivu tunajua hao watu wanaweza nini. Ile metani iliyolala chini ya ziwa ni kazi ya vijidudu, na ng'ambo ya Rwanda mtambo wa KivuWatt unaitumia kutoa megawati 26. Kwenye betri ya mdogo wetu, ukoo huohuo ndio unaomla Geobacter chakula chake.

Hata kati ya wanaotoa umeme, mambo si rahisi. Shewanella anakula laktati na, pasipo hewa, anaacha asetati nyuma: hapo anamlisha Geobacter, si adui. Pseudomonas aeruginosa anatoa rangi ya piosianini, ambayo inabeba elektroni na papo hapo inaua majirani. Mchukuzi na silaha katika kitu kimoja. Basi ukiandika "Geobacter ametoa umeme" bila kuangalia nani alikuwemo, umeandika imani, si matokeo.

Kosa la pili linauma zaidi: tunapima volti na waya haijaunganishwa na mzigo wowote. Volti bila mzigo si nguvu. Tuseme unaweka rezistansi ya omu 1,000, na zile volti 0.4 zinashuka kufika 0.05. Piga hesabu: ni mikrowati 2.5. Chaja ya simu ya wati 5 ingetaka ndoo milioni mbili. Lakini kuna baya kuliko hesabu. Ukiacha waya wazi siku nzima, elektroni hazina njia ya kupita. Umemfungia Geobacter mlango, na watengeneza metani wanakula kwa raha. Yaani namna yetu ya kupima inamshindisha yule tusiyemtaka!

Kuna atakayesema, "Mukubwa, unavunja vijana moyo." Hapana. Kazi inawezekana. Mwaka 2017 watafiti wa Bristol waliweka betri za namna hii kwenye vyoo vya shule ya wasichana huko Kisoro, Uganda, si mbali na Bunagana yetu, zikala mkojo na kuwasha taa za choo usiku. Tazameni ukubwa wa dai lao: taa ya choo, si mji. Ndiyo maana linasimama.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kusimama mbele ya waalimu, jibu maswali manne. Mzigo gani ulikuwa kwenye waya, na kwa siku ngapi? Chakula kiasi gani kiliisha? Katika elektroni za chakula hicho, asilimia ngapi zilipita kwenye waya? Na zilizobaki, nani alizichukua: umeangalia gesi? Ukikuta waya ilipata asilimia 10 tu, andika 10, useme nani alishinda. Memwari hiyo atakayekuja nyuma yako anaweza kuiendeleza. Ile ya picha na volti 0.4, atalazimika kuanza upya kama vile haukufanya kitu.

Na sisi tunaoshea picha, tuulize kwanza, ndipo tupige makofi.