Saa 11 Alfajiri Haikuwa Saa ya Kutoka Igombe

Uamuzi wa kuutoa mtumbwi katika mwalo wa Igombe, Mwanza, saa 11 alfajiri, ilhali umeme ulikuwa ukimulika juu ya Ziwa Viktoria upande wa kaskazini-magharibi, ulikuwa kosa la wazi la msafara wa kuhesabu ndege wa majini uliokusanyika Buswelu Januari iliyopita, na kosa hilo halifutwi na ukweli kwamba watu wote walirudi salama. Kazi ya nchi kavu, yaani majaruba ya mpunga na kingo za matope, ilifanywa kwa ustadi, mmoja akitaja na mwenzake akiandika kama inavyotakiwa, na haina haja ya maneno zaidi. Kinachohitaji kuchambuliwa ni saa hiyo moja, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kiusalama wala ya kitaalamu iliyoidai.

Hesabu ya Januari ni sehemu ya zoezi la kimataifa linaloratibiwa na shirika la Wetlands International, lililoanza Ulaya mwaka 1967 na kuingia Afrika mwaka 1991. Katikati ya Januari ilichaguliwa kwa sababu wakati huo ndege wanaohama huwa wametulia mahali pamoja, na wale wanaoikimbia baridi ya kaskazini huwa wamekwisha kufika kusini. Ndiyo maana buabua mabawa-meupe, ndege mdogo wa jamii ya shakwe anayezaliana katika maeneo ya tope ya Ulaya na Asia, huonekana kwa wingi juu ya Ziwa Viktoria katika kipindi hicho, na vitwitwi, yaani ndege wadogo wanaopitapita kwenye matope, hutapakaa ufukweni. Tarehe hiyo, kwa hiyo, ilikopwa kwa akili, kwa kuwa ndege ni walewale. Saa ya kuanza ilikopwa bila akili.

Waliokuwapo Igombe wanaijua hali ilivyokuwa. Mitumbwi ya dagaa, ambayo katika usiku wa giza hubaki ziwani na taa zake hadi karibu na mapambazuko, ilikuwa imekwisha kurudi mapema, na wavuvi walikuwa wakiivuta hadi juu ya mchanga badala ya kuifunga majini kama kawaida. Upepo mwepesi uliokuwa ukitoka nchi kavu ulikuwa umekatika. Jaketi okozi zilikuwamo chomboni, lakini zilikuwa zimekunjwa na kuwekwa juu ya mbao za kukalia, kamba zake zikiwa bado zimefungwa fundo la dukani, na moja ilikuwa imewekwa chini ya darubini ya miguu mitatu ili isigongwe. Kiongozi wa msafara aliangalia ratiba, akaangalia simu, akaamuru mashine iwashwe. Ishara tatu, yaani umeme, mitumbwi iliyorudi mapema na upepo uliokatika, zilikuwa mbele yake na hakuna hata moja iliyohitaji chombo cha kupimia.

Sababu iliyotolewa ni kwamba ndege huhesabiwa mapema. Kauli hiyo ni ya kweli kwa ndege wa msituni, ambao huimba kwa nguvu kunapopambazuka na hutambuliwa zaidi kwa sauti, lakini imehamishiwa kwa ndege wa majini kimakosa. Mnandi aliyekaa juu ya jiwe akikausha mabawa, yangeyange kwenye matete na kitwitwi kwenye tope huhesabika asubuhi nzima, ilimradi upepo haujapanda na joto halijaanza kuchezesha hewa mbele ya kioo cha darubini. Buabua nao huhesabika vizuri zaidi jioni, wanapokusanyika kwenda kulala, hesabu ambayo mtu huifanya akiwa amesimama nchi kavu. Zaidi ya hayo, jua la Mwanza katikati ya Januari huchomoza karibu saa 12 na dakika 50, takriban nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, kwa hiyo anayeondoka saa 11 husafiri gizani kwa zaidi ya saa moja kabla ya kuweza kumtofautisha shakwe na jiwe. Ratiba zinazoandikwa pwani na kupelekwa kanda ya ziwa bila kusahihishwa ni ugonjwa wa zamani.

Kosa la saa hiyo linaeleweka vizuri zaidi mtu anapoelewa namna dhoruba za ziwa hili zinavyojengeka. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, hivyo mvua za radi huangukia vilima kama vya Buswelu alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake la nyuzi 24 au 25 hivi, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, na hewa hizo zinapokutana katikati hupanda na kujenga mawingu makubwa ya radi ambayo hukomaa usiku wa manane na kuendelea hadi asubuhi. Alfajiri, ambayo mgeni huiona kuwa saa ya utulivu, mara nyingi ndiyo saa ya hatari ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba ukali wa dhoruba za usiku juu ya ziwa unategemea sana dhoruba za alasiri iliyotangulia juu ya nchi kavu inayolizunguka. Na alasiri ya siku iliyotangulia msafara, Buswelu ilipigwa na mvua ya radi iliyowafanya wajumbe wenyewe wahamie ndani kupanga ratiba yao. Onyo, basi, lilikuwa limewanyeshea wao wenyewe.

Kilichofuata kilikuwa cha kutarajiwa. Wingu la radi linapoanza kumwaga mvua hushusha pia hewa baridi, ambayo ikigonga maji husambaa kila upande na kutangulia mvua yenyewe kwa kilomita nyingi. Kwa hiyo chombo kinaweza kupigwa na upepo mkali wakati juu yake nyota bado zinaonekana. Ziwa Viktoria ni pana lakini halina kina kikubwa, wastani wake ukiwa mita 40 hivi, na ghubani kina ni kidogo zaidi, hivyo mawimbi yake huwa mafupi, yenye mwinuko mkali na yanayofuatana karibu karibu, mawimbi ambayo mtumbwi wenye kingo za chini hauyapandi bali huyanywa. Mtumbwi ulilazimika kurudi kabla ya kufika visiwa vya mawe vilivyokusudiwa, watu wakikomba maji kwa ndoo iliyokatwa, na wengine wakijaribu kufungua mafundo ya jaketi kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Ganzi hiyo huwashangaza wanaodhani kwamba baridi ni jambo la Ulaya peke yake. Maji huchukua joto la mwili takriban mara 25 haraka kuliko hewa, na mtu aliyelowa kisha akapigwa na upepo hupoteza nguvu za mikono mapema, nguvu zilezile anazozihitaji ili ajifunge jaketi. Ndiyo maana jaketi huvaliwa ufukweni kabla ya kupanda. Kuhusu radi, kanuni ni nyepesi: sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo ngurumo inayofuata mmweko kabla ya sekunde 30 maana yake radi iko ndani ya kilomita 10, na kazi ya ziwani, pamoja na ya juu ya majabali, husimama hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Wakongwe wa fani hii hawakupuuza macho ya wenyeji. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani katika Usambara tangu 1928, na ambaye kitabu chake kikubwa juu ya uhamaji wa ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitoka mwaka 1972 baada ya kifo chake, alijenga sehemu kubwa ya maarifa yake kwa kuwategemea wasaidizi wenyeji waliokaa zamu kwenye viota na kuamini walichokiona. Kizazi cha simu hakiulizi, ingawa thamani ya wavuvi inajulikana. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani Bukoba asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 kupoteza maisha, waliofika wa kwanza kuokoa walikuwa wavuvi wa mitumbwi. Lakini bado inapofika siku ya kupanga safari ya kitaalamu, mvuvi huitwa kuendesha mashine tu, na haitwi kutoa rai. Igombe mwenye chombo alisema mara moja kwamba wenzake wamerudi mapema. Hakujibiwa.

Limebaki jambo moja ambalo huenda likadumu kuliko nguo zilizolowa. Katika fomu iliyojazwa baada ya msafara, visiwa vya mawe ambavyo havikufikiwa vimeandikiwa sifuri. Katika taaluma ya hesabu sifuri ina maana kwamba mtu alifika, akaangalia, na hakumkuta ndege. Mahali pasipofikiwa huachwa wazi na kuandikiwa kwamba hapakuhesabiwa. Atakayelinganisha takwimu hizo na za miaka mingine atasoma kwamba shakwe na minandi wamevihama visiwa hivyo, na anaweza kujenga hoja nzima ya uchafuzi au uvuvi haramu juu ya asubuhi moja ambayo mtumbwi ulirudia njiani. Fomu hiyo inapaswa kusahihishwa kabla haijaunganishwa na za mikoa mingine, na visiwa vifikiwe kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, katika siku ambayo mitumbwi ya dagaa imerudi kwa wakati wake.